Mwongozaji Mpya wa Msitu wa Rungwe

Jumatatu, 2 Agosti 1976. Tukuyu.
Manyunyu tangu alfajiri. Balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Saulo, kaja kwa dada Verediana, ninakoishi tangu nitoke Iringa. Kauliza nafanya kazi gani. Wasio na kazi watarudishwa makwao Jumamosi. Ulimi wangu, bila kuniuliza, ukajibu: naongoza wageni msituni. Balozi akasema vizuri, anataka kumwona mgeni mmojawapo. Dada kaniangalia kama maziwa yaliyochacha. Msitu nimeuona kutoka barabarani tu. Kwa mbali unafanana na shamba la kabichi.

Jumanne, 3 Agosti.
Mgeni! Kashuka kwenye basi la Mbeya, Mzungu kutoka Denmark, jina Nilsi. Shanta lake mgongoni kubwa kuliko jiko la dada. Kiswahili cha kitabuni. Kanipa shikamoo, na umri tunalingana!

Jailos, muuza fimbo za mianzi, adui yangu, alishamshika mkono. Nikamwambia Jailos mbuzi wake wamo kwenye mahindi ya balozi. Hivi nimewahi kumwona akikimbia vile? Mgeni akabaki wangu.

Akauliza tubebe nini. Nikafikiri. Kamba, nikasema. Chumvi ya kutoa ruba miguuni. Unga. Na jogoo mzima, kwa sababu saa hulowa, jogoo halowi. Tukazunguka soko zima. Mafuta ya taa hakuna. Jogoo tukapata, mkali. Mimi nikaazima mabuti ya mvua ya marehemu shemeji. Yote ya mguu wa kushoto.

Akauliza kuhusu chui. Nikasema tunafahamiana. Akafurahi sana, akasema basi tulale huko siku mbili. Mbili! Nilipanga kurudi kabla ya chakula cha mchana. Ndizi za jioni zimenishinda.

Jumatano, 4 Agosti.
Niliomba mvua ya mafuriko. Yakaja manyunyu. Tukaenda.

Ndani giza, ukungu, miti imevaa manyoya ya kijani. Nikaongoza kwa kukata kulia kila mara. Tukapita mti ulioanguka. Baadaye tukaupita tena. Mara ya tatu Nilsi akasema kwa upole, “Ndugu Liberatus, mti huu sasa tuupe jina.”

Ndipo ukasikika mngurumo. Chui! Sikumbuki kupanda. Nakumbuka kuwa juu. Jogoo kaponyoka, kaenda zake. Nilsi akatazama matawini, akasema ni mbega, tena mdogo. Kushuka sikuweza. Akafunga kitanzi cha kamba, akanirushia, akanishusha polepole kama gunia la viazi.

“Umewahi kuingia humu?” akauliza.

“Kwa kuutazama, mara nyingi.”

Akacheka hadi akakaa kwenye matope. Kisha akatoa dira mfukoni, tukafuata kijito, mimi nyuma, nimeshika mkia wa shanta. Kila jani lilinigusa kama mkono wa mtu. Nikamwahidi Mungu mambo mengi, mengine siwezi hata kuyaandika.

Mara, shamba la chai! Anga! Moshi wa majiko! Nilipiga magoti nikakumbatia mchai. Balozi alikuwapo na watu wenye mapanga, wanatutafuta. Jailos kawaambia tumekufa. Verediana akanipiga kofi, kisha akanishika asiniachie.

Balozi akamuuliza mgeni kama kweli nimefanya kazi. Nikafumba macho.

“Mzee,” Nilsi akasema, “nimetembea nchi nyingi. Mwongozaji kama huyu sijapata.”

Balozi akanipa mkono. Nabaki! Siendi kokote! Chai ya dada ilikuwa na moshi na nikanywa vikombe vinne.

Alhamisi, 5 Agosti.
Nilsi karudi msituni kwa siku mbili. Na Jailos! Sikuumia hata kidogo. Nilikaa kizingitini mchana kutwa, miguu ndani ya maji ya vuguvugu, nikiutazama msitu ukiwa kule, mimi nikiwa huku.

Jumamosi, 7 Agosti.
Lori la Iringa limeondoka bila mimi. Nimelipungia mkono.

Jioni mkutano wa kijiji. Balozi katangaza tumepata trekta, akauliza nani anajua kuliendesha. Mkono mmoja ukapanda. Nikageuka kuutazama. Wangu.

Watu wakapiga makofi. Linafika Jumatatu. Tatizo ni dogo tu: kujua linawashiwa wapi.