Kipimajoto cha Malkia

Jumatatu, 13 Januari
Leo nimeingia katika historia ya ufugaji wa Kisauni. Nimenunua kipimajoto! Kinalia pii. Kesho naanza kumpima Malkia, mbuzi wetu wa maziwa, ingawa maziwa yenyewe yalikatika mwaka jana. Nyamvula, mke wangu, amesema hili ndilo jaribio la mwisho. Malkia asiposhika mimba mwezi huu, anarudi Mariakani kwa mama mkwe aliyetuzawadia. Mama mkwe aseme nimeshindwa na mbuzi mmoja? Thubutu.

Kikundi chetu kina beberu mmoja tu wa kisasa. Kila mwanachama huitisha siku yake, moja tu. Ukikosea, unangoja hadi Aprili. Wenzangu hukisia kwa kutazama mkia. Mimi nitatumia sayansi.

Jumanne, 14 Januari
Nimesoma kwenye simu. Kumbe mamalia wa kike hawana joto moja siku zote! Kabla ya kutaka dume joto hushuka kidogo, siku yenyewe likapanda. Kulikuwa na sehemu nyingine iliyoanza, "Lakini mnyama mwenye mimba," hapo bando likaisha. Si kitu. Hainihusu.

Asubuhi, 39.2. Mchana, 40! Nikampigia Bi Mwanatatu, mwenyekiti wetu, amlete beberu mbio. Akauliza nimempima saa ngapi. Saa nane, bandani, chini ya mabati. Akasema saa nane chini ya mabati hata yeye ana arubaini. Akakata simu.

Jumatano, 15 Januari
Kosa dogo la kitaalamu. Sasa napima alfajiri tu. 39.3. Nimechora chati nikaibandika sebuleni, juu ya picha ya harusi. Chati imependeza zaidi.

Amepita Fidel, jirani mwenye mbuzi watatu na wivu wa mbuzi thelathini. Akasema Malkia amenenepa ajabu. Nikamweleza siri: pumba, maganda ya maembe, usimamizi bora. Akauliza kama huyu si yule aliyetoroka Agosti akashinda kwa Bi Mwanatatu, pamoja na lile dume la kienyeji lenye sikio jeupe. Nikamjibu kwamba nilimrudisha siku hiyohiyo, kabla ya magharibi. Watu hawapendi kuona mnyama wa mwenzao ameshiba.

Ijumaa, 17 Januari
38.1! Limeshuka zaidi ya nyuzi moja! Nimerudia mara tatu, na Malkia amenipiga mateke mara tatu. Basi kesho litapanda. Nimeitisha siku yangu. Nimewaalika na wanakikundi wote waje kujifunza.

Jioni Malkia hatulii. Anaparapara majani, analala, anainuka. Anamngoja bwana harusi, maskini. Nimemtazama nikajisikia fahari.

Jumamosi, 18 Januari
Beberu aliletwa kwa tuktuk kutoka Bamburi. Wanachama saba nyuma yake. Nikaitoa chati nje, nikatoa hotuba fupi ya dakika ishirini. Beberu akafunguliwa. Akamnusa Malkia. Akageuka, akala chati.

Bi Mwanatatu akainama, akamtazama Malkia chini ya mkia, kisha akakaza kanga kiunoni.

"Dishon mwanangu," akasema, "huyu hataki mume. Huyu ataka mkunga."

Nikacheka. Nilikuwa bado nacheka Malkia alipolala chini na kuanza kusukuma. Nusu saa baadaye tulikuwa na vitoto viwili, kila kimoja na sikio jeupe. Bi Mwanatatu alivipangusa kwa kanga yake mwenyewe. Nyamvula alilia. Nami nililia, sitaficha. Kisha Nyamvula akatamka mbele ya watu wote kwamba Malkia haendi Mariakani wala kokote. Nikapiga makofi. Akaongeza kwamba mimi na kile kidude changu tusionekane tena bandani.

Jumapili, 19 Januari
Nimetafakari. Nani aliyeita watu saba na mkunga siku kamili ya uzazi? Mimi! Nimeweka bando, nikaisoma ile sehemu mpaka mwisho. Mwenye mimba joto lake hubaki juu, likashuka karibu na kuzaa. Chati haikukosea hata nukta moja. Chati yenyewe, lakini, iko tumboni mwa beberu.

Na kwa kuwa bandani mwangu siruhusiwi, natoa huduma kwa majirani. Nimeanza na Fidel. Alipokuwa kanisani nimempima mbuzi wake wa kahawia kupitia upenyo wa ua. 38.2! Aliporudi nimempa mkono wa pongezi, nikamwambia atayarishe majani makavu, Jumanne anapata vitoto.

Fidel akasema yule ni dume, tena amehasiwa.

Nimemwambia asiwe na haraka. Tungoje Jumanne.