Jinsi Trekta Alivyokwenda Buchani na Kurudi

Sogeeni, nyote mlio na masikio. Wekeni simu chini, nanyi mnaotafuna, tafuneni polepole, kwa maana nasimulia vita vilivyopiganwa wiki nzima kati ya geti letu na bucha, umbali wa hatua mia mbili.

Palikuwa na mbwa, Trekta, mwenye kifua cha pipa na shingo isiyojua kugeuka. Shangazi yangu, fundi cherehani, ndiye aliyemlea, na kutwa nzima Trekta alilala miguuni pake amefunikwa na mabaki ya vitambaa. Lakini akifungwa kamba, ole wake aliyeishika. Alimburuta Baba hadi kwenye saruji mbichi ya jirani, na alama ya goti lake tukufu ipo mpaka leo. Baba akatoa amri: ifikapo Jumamosi, ama mbwa aende buchani na kurudi kamba ikiwa imelegea, ama ahamie kwenye machimbo ya kokoto, akalinde mawe. Siku hiyo Shangazi alishona mkono wa shati mahali pa kola.

Baraza la vita likakaa jikoni. Mimi, niliyetoka bwenini na elimu nyingi isiyo na kazi, nikashauri kamba nene zaidi. Shangazi akaniuliza Trekta akitufikisha buchani huwa anapewa nini. Nikakiri: mfupa, kila siku, kwa mkono wangu huu.

"Basi hana kosa," akasema. "Tumemwajiri kazi ya kuvuta na mshahara tunamlipa. Mimi uzi ukikaza nasimamisha cherehani. Kesho kamba ikikaza, nasimama."

Naye akasimama, enyi vizazi vijavyo, akasimama kama nguzo! Trekta akavuta hadi ulimi ukamtoka. Kamba ilipolegea tu, kipande cha ini, na hatua mbele. Siku ya kwanza, saa nzima, hawakuvuka duka la jirani. Wapita njia walimuuliza Shangazi kama amepotea. Mwenye bucha alitoa kiti nje, akakaa kutazama. Siku ya tano wakampita paka wake, adui wa tangu zamani, ambaye alijilamba kwa dharau.

Jumamosi Baba akashika kamba mwenyewe. Kwenda, shwari. Kurudi, mvua ikaanza kudondoka, Baba akaongeza mwendo, kamba ikakaza. Trekta akaketi katikati ya njia, akamtazama kwa subira ya mwalimu wa darasa la kwanza.

"Twende bwana, naloa," Baba akasema.

"Kaka, wewe ndiye unayevuta," Shangazi akasema kutoka nyuma. "Simama kwanza."

Baba, mtoa amri, akasimama. Kamba ikalegea. Shangazi akachomoa kipande cha ini mfukoni, na kwa kitambo kidogo hatukujua anampa nani.

Na iandikwe kwa wino usiofutika kwamba siku ile, mvuani, kwa mwendo wa taratibu, Trekta alirudi nyumbani kwake, na Baba akajua kutembea na kamba.