Kiti cha Lama Kichaa

Jumatatu, 4 Novemba
Nimechoka kuwa mtawa wa kawaida. Miaka kumi na moja nasoma sala bila kukosea hata neno, nani anajali? Lama Tshokey, mwalimu wa dini na mwehu wa pango la juu, Bhutan nzima inamjua. Jana kamrushia mkuu wa kijiji figili ya kichwa. Mkuu kalia kwa furaha, figili kaenda kuiweka madhabahuni! Sasa Ijumaa lama anahama, anakwenda kujifungia milima ya mbali. Kiti chake kinabaki wazi. Kiti hicho ni changu. Lazima niwe kichaa kabla ya Ijumaa.

Jumanne, 5 Novemba
Nimeanza. Nimemrushia Mama Gyem mwenye duka figili. Kanirudishia mbili, na ana shabaha kunishinda. Akaniuliza, we mtoto wa watu, una njaa au umelogwa? Akasema lama akikurushia kitu unaamka moyoni; nikirusha mimi unaumia tu. Nikamwuliza tofauti ni nini. Akasema kama hujui, basi ndiyo hiyo. Upuuzi mtupu! Jicho limevimba.

Jumatano, 6 Novemba
Siri nimeigundua: pombe! Lama hunywa tangu asubuhi, na maneno yake watu huyakariri mwaka mzima. Nikanywa vikombe vinne mbele ya duka, nitoe fundisho juu ya utupu wa mambo yote ya dunia. Chimi mfumaji, mwanafunzi wangu pekee, anasema nililia, nikaimba wimbo wa mavuno, nikamkumbatia fahali wa jirani. Anasema fahali ndiye pekee aliyenisikiliza mpaka mwisho. Kumbe Chimi mwenyewe alishapanda pangoni kusoma kwa lama. Msaliti! Imeniuma kweli. Chimi alikuwa akinisikiliza hata siku ambazo sikuwa na la kusema.

Ijumaa, 8 Novemba
Ole wangu! Lama kashuka mwenyewe, akanikuta nyumbani kwa Chimi nakunywa chai ya siagi, Chimi yuko kwenye kitanda cha kufumia, anafuma. Mbele ya kijiji kizima akasema, wewe, nenda kakalie kiti changu. Mimi! Moyo nusura unitoke. Nikafanya kama mama alivyonilea, kama afanyavyo kila mwenye adabu bonde hili: nikafunika mdomo kwa kiganja, nikasema hapana, sistahili. Mtu hukataa mara mbili, ya tatu hupokea. Hata chai tunaipokea hivyo! Lama akasema haya, sawa. Akamgeukia Chimi. Chimi akasema asante, nakuja, ngoja nimalize mstari huu. Watu wakacheka mpaka machozi, kisha wakamwinamia. Nami nikainama, ningefanyaje?

Jumamosi, 9 Novemba
Chimi kapita asubuhi na mzigo wake mgongoni. Kasema pangoni pana nafasi ya watu wawili, niende tukae, tuongee kama zamani, maana peke yake anaogopa. Nilitaka kulia. Bahati nzuri kosa la jana nimeshalijua: nilikataa kidogo mno. Leo nimekataa mara tisa, kwa heshima kubwa.

Sasa hivi anapanda mlima, hageuki nyuma. Ananipima tu.