Shoka la Ijumaa Kumi na Saba

Jumatatu, 6 Mei

Siku mbaya. Liberato Vanacore, mchomeleaji mwenzangu, anatembea kifua mbele, na mimi nimeacha chakula mezani.

Asubuhi Mhandisi Brambilla alitukusanya chini ya pua ya meli. Pua yetu! Mwaka mzima tumeichomelea, nusu ya mbele ya meli mpya ya jeshi la majini, ile itakayozipelekea manowari mafuta, unga na risasi huko huko baharini. Nusu ya mbele tunajenga sisi hapa Castellammare, huku kusini. Nusu ya nyuma wanajenga watu wa kaskazini. Yetu itavutwa mpaka kwao, zitaunganishwa, na watakaopigwa picha ni wao. Sawa. Tumezoea.

Lakini siku ya kushua, pua inapoteremka majini kwa mara ya kwanza, hiyo ni sherehe yetu. Brambilla akatangaza kwamba shoka atalishika Liberato.

Liberato! Babu yangu alishika shoka. Baba yangu alishika shoka. Mama wa ubatizo, yule mwanamke anayeipa meli jina, anasema, "Kwa jina la Mungu, kata!" na mtu wa ukoo wetu wa Longobardi anakata kamba, chupa ya mvinyo inapasukia puani, meli inateremka. Najua, siku hizi meli huachiwa kwa mashine, yuko jamaa anayebonyeza kitufe. Kamba ni ya chupa tu. Lakini nani amewahi kuvaa suti kwenda kumtazama mtu wa kitufe?

Balaa lenyewe ni kwamba jana, kwenye chakula cha Jumapili, nilishamwambia mama kuwa mkataji ni mimi. Nilikuwa na uhakika! Mama alilia, akanibusu, akaniongezea nyama. Juzi nilimdokezea na kinyozi. Yeye tu. Leo mtaa mzima unanipa hongera.

Mke wangu Assuntina anasema niende kwa mama nikaseme ukweli leo leo. Maskini, hana kipaji cha mipango.

Jumanne, 7 Mei

Nina mpango!

Tutashua tarehe kumi na saba, na ni Ijumaa. Ijumaa, kumi na saba! Siku hiyo kwetu mtu haoi, hasafiri, hata jino hang'oi. Brambilla ametoka Milano, kwake ni siku ambayo meli ya kuvuta ina nafasi, basi. Sisi tuliiona tarehe ile siku ilipobandikwa ukutani, wote, na hakuna aliyefungua kinywa. Kuitaja ni kuiita.

Nikamvuta Liberato kando, penye kahawa. Nikamtajia. Nilimwambia kwa upendo, kama ndugu. Ijumaa, kumi na saba, shoka, na vidole vyake vizuri vile. Akapauka. Mkono ukaingia mfukoni kutafuta ile pembe yake nyekundu ya bahati.

Kesho atajitoa. Nimerudi nyumbani napiga mluzi.

Alhamisi, 9 Mei

Mpango umefanya kazi. Umefanya kazi kupita kiasi.

Liberato alimwambia mwenzake, mwenzake akawaambia wenzake, na kabla ya chakula cha mchana nuksi ilikuwa imetajwa kutoka langoni hadi kwenye maji. Watu wakagusa chuma kuikinga. Kiwanda cha meli, chuma hakikosekani! Waligusa mpaka wakaacha kufanya kazi. Wamegoma. Ijumaa kumi na saba hawashui kitu.

Brambilla alicheka. Kisha hakucheka. Alisema meli ya kuvuta haitapatikana tena mpaka vuli, na wakubwa wa kaskazini wanangoja kisingizio tu. Pua isipokuwa majini siku hiyo, pua za meli zijazo watazijenga wenyewe, na lango letu litafungwa.

Mimi sikutaka kiwanda kifungwe. Nilitaka shoka tu!

Brambilla akauliza nani alianza maneno haya. Liberato akanitazama. Watu wakamtazama Liberato. Naye akasema hakumbuki.

Mtu mbaya sana yule. Sasa lazima nimshukuru.

Jumapili, 12 Mei

Chakula kwa mama. Mchuzi wa nyama ulikuwa jikoni tangu alfajiri, na mimi nikaacha nusu sahani. Mama aliniwekea mkono kwenye paji la uso, akauliza nani amekufa. Ikabidi niseme. Nilimweleza mgomo, nuksi na lango litakalofungwa. Habari za shoka sikuzigusa, hazikuwa na uhusiano.

Mama akafuta mikono kwenye aproni. Akasema wanaume wa siku hizi wanatishwa na kalenda. Nimpeleke kiwandani Jumanne, na nibebe sahani.

Mama yangu, Filumena, anaondoa jicho baya, lile la hasidi. Wanamjia watu wa kila namna, hata mwanasheria mmoja. Sahani ya maji, matone ya mafuta ya zeituni, na dua anayoisema chini kwa chini asiyowahi kumfundisha mtu.

Jumanne, 14 Mei

Mlinzi alimpa mama helmeti. Aliivaa juu ya kitambaa chake, akaingia kiwandani kama amiri jeshi. Watu wakavua kofia zao. Mlinzi akapiga kelele wavae!

Mama alitaka mtu msomi ashike sahani. Akaitwa Brambilla. Nilimwona kwa macho yangu, mhandisi wa Milano, amesimama chini ya pua ya meli ya jeshi ameshika sahani ya supu kwa mikono miwili, anaogopa kupumua.

Mama akadondosha mafuta. Matone yakakimbiliana yakawa jicho moja kubwa. Watu wakaguna.

"Mna hasidi," mama akasema. "Yumo humu humu. Mwanamume. Anakula vizuri, halafu ana kijicho."

Nikaanza kuchunguza kamba za viatu vyangu.

Mama akaomba, akachora msalaba hewani, akatia tone jipya. Matone yakaachana! Akamwaga maji kwenye mteremko wa meli. Akasema sasa hata iwe Ijumaa ya mia na kumi na saba, pua hii itateremka kama kijiko kwenye asali. Watu wakashangilia, wakaokota vifaa vyao. Brambilla akaibusu mikono ya mama. Kiwanda kimepona! Nilifurahi mpaka machozi yakanitoka, na hayo yalikuwa machozi ya kweli.

Kisha mama, tukielekea langoni, akanipiga begani na kupaza sauti: "Na atakayekata ni huyu mwanangu Catiello, kama baba yake!"

Liberato alikuwa hapo hapo. Akanitazama, akamtazama mama. Akamwinamia kidogo, akasema, "Hongera, Bi Filumena." Halafu akaondoka.

Ananidhihaki. Subiri.

Alhamisi, 16 Mei

Mpango mwingine, na huu hauna tundu.

Nyuma ya nyumba ya mama kuna shoka la kupasulia kuni, zile za mwezi wa Agosti tunapochemsha chupa za mchuzi wa nyanya wa mwaka mzima. Butu! Halikati, linaponda. Nimelitoa kimya kimya, nimelisugua, nimelifunga utepe wa rangi za bendera kama lile la sherehe. Wenzangu walipokwenda kula, nikabadilisha. La Liberato liko chini ya turubai.

Kesho mama wa ubatizo atasema kata. Liberato atapiga, pu! Kamba itamcheka. Watu watashika vichwa. Na hapo nitatokea mimi, nyuma ya jukwaa, na shoka la marehemu baba. "Niachieni mimi!" Pigo moja. Mama atalia, na kiwanda kitajua shoka ni la nani.

Nimelinoa la baba mpaka linanyoa. Assuntina ameniuliza kwa nini nanyoa mkono kwa shoka. Nimemwambia nawaza.

Ijumaa, 17 Mei

Sitaki kuandika. Naandika.

Jua zuri, bendera, padri, bendi. Mama kwenye mstari wa mbele na gauni jipya la buluu. Mimi nyuma ya jukwaa, nimechuchumaa, shoka la baba ndani ya koti.

Liberato alipanda. Akashika kipaza sauti, jambo ambalo halikuwemo kwenye mpango wangu. Akaita, "Catiello Longobardi! Yuko wapi Catiello?"

Nikajua nimegundulika! Nikajikunyata zaidi. Akaita tena. Nikaingiza kichwa chini ya mbao. Akaita mara ya tatu, sikupumua.

Basi akasema, na nakumbuka kila neno: "Nilitaka kumpa mwenzangu shoka hili, kwa heshima ya baba yake. Lakini kama hayupo, yupo aliyetuondolea nuksi. Bi Filumena, mama yetu, karibu, kata wewe."

Alitaka kunipa mimi. Alikuwa akiniitia shoka!

Na sasa mama yangu anapandishwa ngazi, watu wote wamesimama, wanapiga makofi, na anakabidhiwa lile shoka butu. Nilitaka kupiga kelele. Nikauma kola ya koti.

"Kwa jina la Mungu, kata!"

Mama akainua. Mama akapiga. Pu.

Kamba haikushtuka. Makofi yakakatika. Kila mwanamume pale akagusa chuma, na nikamwona jamaa wa kitufe akirudisha mkono wake mfukoni taratibu. Ijumaa, kumi na saba, na kamba haijakatika! Asingebonyeza huyo hata kwa amri ya jeshi zima. Nililiona lango letu likifungwa, na mama yangu amesimama juu pale mbele ya wote kama mtu aliyeleta mkosi mwenyewe.

Mama hakulia. Alilitazama shoka. Akalipindua. Akafungua utepe, na chini yake kulikuwa na kile kitambaa chake chekundu alichoufungia mpini mwaka ule ulipopasuka. Nilisahau kitambaa!

"Hili," akasema, na kipaza sauti kilikuwa wazi, "ni shoka langu la nyanya."

Kisha, bila kugeuka: "Catiello. Toka."

Nikatoka. Ningefanya nini? Nilipanda ngazi mbele ya jeshi, padri, Brambilla na kinyozi, nikafungua koti, nikampa shoka la baba. Hakuna aliyehitaji maelezo. Mama alilitambua hilo nalo. Alilipapasa mara moja, na mimi nikaona aibu ambayo sijawahi kuiona tangu nizaliwe. Akapiga.

Kamba ikakatika kama uzi. Chupa ikapasuka vipande elfu. Jamaa akabonyeza. Pua yetu ikanguruma, ikateremka, ikaingia majini kwa heshima zote, na ving'ora vya bandari nzima vikalia. Watu walikumbatiana. Liberato alimkumbatia mama. Mimi nilimkumbatia mlinzi, maana ndiye aliyekuwa amenishika.

Jumapili, 19 Mei

Chakula kwa mama. Kwenye kiti changu: Liberato Vanacore. Alipewa nyama mara mbili. Mimi niliwekewa tambi nyeupe na mafuta kidogo, chakula cha mgonjwa. Mama alisema ni kwa ajili ya kijicho, niendelee nayo mpaka kiishe.

Shoka la baba sasa limetundikwa juu ya jiko lake. Lile la nyanya nimepewa mimi, ninoe, nipasue kuni zote za Agosti. Assuntina alicheka mpaka akatoka nje.

Nikakubali. Nimekosa, nimejifunza. Nimemwambia Liberato hivyo, tukapeana mikono. Akaguswa. Akaninong'oneza kwamba siku nusu mbili zitakapounganishwa huko kaskazini, mtu mmoja wa kwetu ataalikwa kubeba bendera. Brambilla bado hajachagua. Atanitaja mimi, mradi nisifanye lolote wala nisimwambie mtu mpaka wiki ijayo.

Sitafanya lolote. Nimeapa.

Ila Liberato hutapika akipanda treni, na Brambilla pengine hajui. Hilo ni suala la afya.

Na sijamwambia mtu. Njiani nilikutana na kinyozi tu.