Firigisi ya Fundi

Leo nimefumaniwa. Na mimi ndiye niliyetoka nyumbani asubuhi kwenda kufumania.

Wacha niwasimulie mwenyewe, tena kwa mpangilio, maana jirani yangu Rehema ameshaanza kuyapeleka huko nje na yeye hakosi kuongeza chumvi.

Mume wangu Simiyu ni fundi wa mashine za kusaga unga. Tunakaa Kitale lakini kazi zake nyingi ziko Bungoma, kwa hiyo anaondoka asubuhi na kurudi jioni. Tangu mvua zianze amekuwa mtu wa kurudi bila njaa. Naweka chakula mezani, anachokoachokoa, anasema ni tamu sana ila amechoka, anaenda kulala. Mwanzoni nilimhurumia. Halafu nikaona suruali zimeanza kumbana. (Mtu asiyekula ananenepa na nini?) Nikaanza kukosa usingizi. Nililala nikiwa nimemgeuzia mgongo, nikalia kimya kimya ili binti yetu Nafula asisikie. Sikuwa nimeona chochote. Nilikuwa na hofu tu, kwamba ndoa yangu imekwisha na mimi ndiye wa mwisho kujua.

Jana Rehema, ambaye huuza madera Bungoma siku za soko, alikuja mpaka jikoni kwangu akafunga mlango.

"Mama Nafula, mimi sitaki maneno," akasema. (Rehema akisema hivyo, ujue maneno yamefika.) "Lakini mzee wako nimemwona, tena si mara moja. Kuna baa ndogo nyuma ya stoo za mahindi. Anaingia mchana, anatoka akifuta mdomo. Na anatabasamu."

Kufuta mdomo ningesamehe. Lakini Simiyu kutabasamu mchana, tena siku ya kazi? Hapo nilikaa chini.

Tukapanga. Leo niingie pale kabla yake, nikae pembeni, nimwone huyo mwanamke. Simiyu akifika nisimame mbele ya watu na kusema yangu. Hotuba nilikuwa nayo tayari, nilikuwa nimeifanyia mazoezi bafuni. Nikavaa wigi ya mdogo wangu na miwani myeusi. Rehema alikataa kuingia mahali pa pombe. Akasema ataketi kwenye duka la ng'ambo, na akimwona mzee anakuja atanipigia simu.

Baa yenyewe ilinivunja moyo. Mabati yaliyopakwa rangi ya samawati, viti vya plastiki, redio inayokwaruza, wazee wawili na chupa zao. Yaani naachwa kwa ajili ya mahali kama hapa? Kisha akaja mhudumu, msichana mrembo, mwenye mwanya, na kiuno chake kimekaa vizuri. Nikajua ndiye.

"Sasa mum. Nikuletee nini?"

"Soda tu."

"Soda bila chakula? Si ujaribu kuku, bana. Leo iko na esaka."

Nikawaza haraka. Mume hatoki nyumbani hivi hivi, lazima amelishwa kitu. Nikasema alete. Nilitaka kuonja kidogo tu, nijue tunapigana na dawa gani.

Akaleta kuku wa kienyeji kwenye mchuzi mzito, ugali wa wimbi, na esaka, ile mboga chungu ya huku, iliyolazwa kwenye maziwa mpaka uchungu ukabaki kwa mbali tu. Nikafumba macho nikaomba, nikikemea kila kilichotiwa mle ndani. Nikaonja. Nikaomba tena, safari hii nikishukuru.

Jamani. Sijawahi kula kitu kama kile katika sahani ya bati. Yule kuku alikuwa ameiva mpaka kwenye mfupa na bado anatafunika, na mchuzi ulikuwa na harufu ya moshi wa kuni. Wigi ikaanza kuniwasha kwa jasho, nikaivua nikaiweka kwenye kiti cha pili. Miwani ikaingia ukungu, nikaitoa pia. (Ndiyo. Mtego wangu wote ulikuwa umewekwa kwenye kiti.) Nikala kwa mikono miwili kama mtu aliyetoka kulima.

"Nani anapika hapa?" nikamwuliza msichana.

"Ni baba," akasema, akanionyesha mlango wa nyuma. Huko uani palikuwa na mwanamume mnene mwenye kofia ya sufu, ameinamia karai, ananyonyoa kuku. Huyo ndiye aliyekuwa ananichukulia mume. Moyo wangu ulitulia kwa mara ya kwanza tangu mvua zianze, na kwa furaha hiyo nikaomba niongezewe.

"Kuku imeisha, mum. Imebaki firigisi tu, na iko na mwenyewe."

"Mwenyewe nani?"

"Fundi mmoja wa mashine, mtu wa Kitale. Huwa tunamwekea. Maskini, kwake hapewangi."

"Hapewi?"

"Ati bibi yake huikatakata anatia kwa sufuria na mahindi na viazi, vitu zote zinachemka pamoja. Ama anapea mtoto." Akatikisa kichwa kwa huruma. "Mwanaume na boma yake, mum. Tangu aoe hajawahi wekewa firigisi."

Nikabaki na mfupa mkononi. Wazazi wangu walitoka Nyeri wakaja kulima Trans Nzoia, na kwetu firigisi ni kipande cha nyama kama vipande vingine. Anapewa mtoto anayelia. Kwamba kwa Wabukusu, watu wa mume wangu, ni ya mwenye nyumba niliwahi kusikia, nikadhani ni mambo ya zamani. Simiyu hakuniambia. Miaka yote hii amekuwa akikaa mezani akimtazama Nafula akiitafuna, na hajasema neno.

Nilipaswa kufurahi, sivyo? Hakuna mwanamke. Lakini niliumia kuliko nilivyokuwa nimejiandaa kuumia. Mwanamke ningempigia kelele. Sasa nimpigie nani kelele, sufuria yangu? Na pale nilipo, watu nisiowajua walikuwa wanajua ninavyopika.

Hasira ikanipanda. "Nipe hiyo firigisi," nikasema.

"Mum, hiyo si ya mwanamke."

"Huyo fundi wenu leo amechelewa. Nipe."

Akatazama mlango, akanitazama, akaenda kuileta. Wale wazee wawili wakageuza viti vyao ili waone vizuri.

"Ona," mmoja akamwambia mwenzake. "Mama anakura filigisi."

"Wachana naye. Hii dunia iliisha kitambo."

Nikaitia mdomoni yote. Hapo hapo simu ikaita. Rehema! Vidole vyangu vyote vilikuwa mchuzi. Nikagusa kioo, kikateleza. Nikajaribu kwa kifundo cha mkono. Nikajaribu kwa kiwiko. (Nilijaribu na pua pia, sitawaficha.) Simu ikanyamaza, na mlango ukafunguka.

"Niaje, watu wangu," ikasema sauti ya Simiyu. Ilikuwa sauti changamfu, ile aliyokuwa nayo wakati anakuja kwetu kunichumbia. "Firigisi yangu iko?"

Msichana akaninyooshea kidole.

Sasa, firigisi haitafuniki haraka. Mliowahi kuila mnajua. Hotuba yangu yote ilikuwa imekwama nyuma ya kile kipande. Tukatazamana, mimi na mume wangu wa ndoa, shavu langu moja limevimba na mchuzi unanitiririka mpaka kidevuni.

"Mama Nafula," akasema.

"Mmh," nikajibu.

Msichana akashika kichwa. Na yule mzee, Mungu amsamehe, akauliza kwa sauti ya kusikika mpaka uani: "Kumbe ndiye huyu wa kuchemsha?"

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka. Mpishi mwenyewe alichungulia kutoka nyuma akiwa na manyoya mikononi, akanitazama kwa huruma kama mtu aliyekuja matanga. Simiyu akataka kuketi, akakuta wigi kwenye kiti. Akaiinua kwa vidole viwili, akaiweka mezani kando ya sahani yangu, akakaa.

Nilipofaulu kumeza nikamwuliza, "Kwa nini hukuniambia?" Nilitaka nisikike mkali. Sauti ikatoka ya kulia.

Akakuna shingo. "Ningesema aje sasa? Na unapikanga ukiimba."

Ni kweli, huwa naimba. Naimba kwa sababu nilidhani ninampikia mtu anayengoja chakula changu. Akaletewa ugali na esaka bila kuku, akala kichwa kikiwa chini, na mimi nikamtazama. Nilimwona akila kwa njaa ya kweli, akifuta sahani kwa tonge la mwisho. Sikumbuki lini nilimwona hivyo nyumbani kwangu, na nilihuzunika sana.

Nje Rehema akanishika mkono. "Nimekupigia mpaka nikachoka. Umemshika?"

"Tumeshikana," nikamwambia.

Nikapita sokoni nikanunua jogoo. Jioni hii nimempika peke yake, bila punje ya mahindi, bila kiazi. Sikuimba. Firigisi nimeiacha nzima, nikaiweka juu ya ugali wa Simiyu. Nafula akauliza mbona yake haiko, sote tukajifanya hatukusikia. Baba yake akaitafuna kwa muda mrefu huku mimi nikimtazama mdomo, kisha akasema, "Ni tamu sana, mama."

Tafadhali msicheke. Kwa kila sufuria niliyochemsha tangu anioe, Simiyu aliniambia maneno hayo hayo, na kwa uso ule ule.