Linki Isiyotaja Baba Yake

Nshamba, Muleba.

Kwa Msimamizi wa Kundi la Wasapu la Ukoo,
Kashai, Bukoba.

Mwihwa wangu Alexander,

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA LINKI FUPI ILIYOLETA POSA YA EVELYNE

Nakuandikia kwa kalamu na karatasi, kwa kuwa jambo lenyewe ni zito, na kule kwenye kundi mtu akisema jambo zito anajibiwa kwa vidole gumba. Wewe ni mtoto wa dada yangu, ningeweza kukuita tu ukaja. Lakini leo nakuandikia wewe kama msimamizi wa kundi, nami kama msemaji wa ukoo katika shughuli zote za posa. Kazi yangu unaijua. Wageni wakija kuposa hawaingii sebuleni wala hawapewi kahawa ya kutafuna mpaka niwaulize wao ni nani, baba yao nani, babu yao nani, ukoo gani, na muziro wao, yaani kile ambacho ukoo wao haukili, ni nini. Sijawahi kuruka swali hata moja.

Sasa binti yangu Evelyne amepata mchumba, Elikana, mfanyabiashara wa dagaa katika visiwa vyetu vya Muleba. Kijana mwenyewe sina neno naye. Wazazi wake wanaishi ng'ambo ya ziwa, na baba yake, mzee Josia, ana mguu mbovu usiomruhusu kupanda boti. Kwa hiyo mzee akarekodiwa video ya kujitambulisha, na kwa kuwa video ni ndefu ikawekwa mtandaoni, nawe ukaileta kwenye kundi kama linki. Linki yenyewe ni herufi chache zisizosomeka, kubwa na ndogo, zimechanganywa na tarakimu. Nimekataa kuifungua. Kwaresima inakaribia, na humo ndoa hazifungwi, wazazi wa kijana wanasubiri jibu, Evelyne amenuna, na watu wanasema mimi ndiye ninayezuia ndoa. Naomba nieleze kwa nini wa kulaumiwa ni linki.

1. Ni kweli kwamba mwanzoni uliileta ndefu, nami nikalalamika kwamba imejaza kioo chote hadi nikadhani simu imeharibika. Lakini nilisema ipunguzwe, sikusema inyang'anywe jina. Ile ndefu, pamoja na ubaya wake, ilikuwa inataja inakotoka. Hii umeikata kichwa ukatuletea mkia.

2. Mdogo wangu Kahangwa wa Kitendaguro alifungua linki fupi iliyoahidi mbolea ya bure ya kahawa. Mbolea hakuiona. Badala yake simu yake ikaanza kumtumia kila mtu aliyemo ndani yake tangazo la dawa ya nguvu za kiume. Ilinitumia mimi, ikamtumia mama mkwe wake, ikamtumia na Paroko. Paroko alijibu kwa upole kwamba anamshukuru, ila kwa sasa hana mahitaji hayo. Siku hizi Kahangwa anasali misa ya kwanza, na anakaa nyuma.

3. Kwenye kikao cha familia ulitufundisha kwamba linki fupi ina mahali pake: pale mtu anapolazimika kuinakili kwa mkono, kama kwenye kadi au bango, au inaposomwa redioni. Lakini kwenye ujumbe, ambako mtu anabonyeza tu, ukasema afadhali iachwe ndefu ionekane inakotoka. Na ikibidi kuifupisha, aliyeileta aseme ni ya nani na ndani mna nini. Hoja hiyo ni nzuri, na ndiyo maana inanikera, kwa sababu wewe mwenyewe hukuifuata. Uliitupa linki kwenye kundi saa ya chakula cha mchana, bila salamu, ukaweka na kikatuni cha moto.

Tena mimi hata hiyo ya kadi siikubali. Utakumbuka jubilei ya dada yetu mtawa, Sista Annastella, nilipokataa linki fupi kwenye kadi nikaagiza iandikwe yote. Ilichukua mistari minne, nafasi ya tarehe ikakosekana, na wageni wa kutoka Bukoba walifika kesho yake tukiwa tunaosha masufuria. Hata hivyo hakuna aliyeweza kusema kwamba linki ile ilificha ukoo wake.

4. Mnaniambia kwamba humo ndani mzee Josia anajitambulisha vizuri sana. Ndilo kosa lenyewe. Mtu hujitambulisha akiwa nje ndipo aingizwe ndani. Huyu anataka mimi niingie ndani ndipo yeye ajitambulishe. Hapo mgeni ni nani?

5. Mke wangu Immakulata ameshaitazama mara nyingi, jikoni, sauti ikiwa juu, pamoja na majirani ambao posa haiwahusu. Nasikia wanacheka, halafu mtu anapenga kamasi. Mimi nakaa sebuleni na redio yangu. Nshamba nzima inamfahamu mzee huyo isipokuwa mimi, na Evelyne akipiga simu anaongea na mama yake tu. Hilo linaniuma, sitaki kukuficha.

Kwa hayo yote, naomba uamue yafuatayo. Kuanzia sasa kila linki inayoingia kwenye kundi itaje jina kamili, baba yake, ukoo na muziro. Linki isiyo na ukoo isubiri kwenye migomba, pembeni ya kibanja, mpaka ipate mtu mzima mwenye ndoa ya kanisani wa kuidhamini. Linki ya posa isije peke yake. Isindikizwe na nyingine mbili, moja iwe ya shangazi. Na posa ya Evelyne isimame mpaka video hiyo ichapishwe kwenye karatasi, pande zote mbili, niisome kwa utulivu.

Sina chuki na mtu. Nisalimie sana dada yangu, mwambie mkungu alioomba umeshakomaa. Wasalimie watoto, na majirani zako wote wa Kashai. Kahangwa ukimwona msalimie uso kwa uso, usimpigie.

Ni mimi mjomba wako, ninayelinda mlango ambao wengine mmeuacha wazi,

Joackim Rwegasira,
Msemaji wa Ukoo.

Nyongeza: Nilikuwa nimeshafunga bahasha, nimeifungua. Immakulata alikwenda kanisani akaacha simu mezani, nami, kwa ajili ya kupata ushahidi tu, nikabonyeza. Mzee Josia amekaa kwenye kiti cha plastiki, amevaa koti la suti, mguu uko juu ya stuli. Anasalimia, halafu ananyamaza na kutazama mbele. Nikadhani mtandao umekata. Kumbe ananisubiri niulize. Nikauliza, kwa sauti, peke yangu sebuleni, baba yake ni nani. Akajibu. Nikauliza babu yake. Akajibu. Nilipofika kwenye muziro akasema watu wa kwao hawana, lakini kama ni lazima, yeye mwenyewe hali mayai. Kila swali langu, kwa mpangilio wangu, ameliachia nafasi, na ndiyo maana video ni ndefu. Maswali hayo hayajaandikwa popote, Alexander. Anayeyajua kwa kichwa ni mtoto aliyekuwa akikaa miguuni pangu kwenye posa za dada zake, na yeye ndiye aliyempa mzee huyu maswali hayo.

Swali la mwisho, kwamba binti yetu watamtunzaje, nilishindwa kulitamka. Mzee akasubiri, kisha akalijibu hivyo hivyo.

Linki iache fupi kama ilivyo. Nimeinakili kwenye karatasi nimpelekee Paroko aione. Mzee Josia asisumbuke na boti, sisi ndio tutakaokwenda. Mwambie Evelyne nimekubali. Ningemwambia mwenyewe, lakini nikipiga hapokei.