Waraka wa Mipapai Dume

Wananchi wote wa Serengeti mnatangaziwa kwamba uzembe wa mimea umefika mwisho! Hayo niliyatamka mimi, Kornelio, Mratibu wa Uainishaji wa Mimea Itoayo Mbegu, mbele ya ofisi yetu Mugumu, kwa kipaza sauti cha kuazima.

Vitabu vinaigawa mimea hiyo mafungu mawili: inayoficha mbegu ndani ya tunda, na inayoziacha wazi, kama msonobari. Kamati yangu ikaongeza la tatu: wazembe. Kifungu cha tatu cha waraka kikaagiza kwamba chochote kitakachochanua misimu miwili bila kuzaa, kiondolewe. Uchunguzi ukamnasa mpapai dume. Maua kibao, tunda hata la dawa hakuna! Tukaanzia shamba letu la mfano, ikabaki mipapai jike arobaini, watumishi watupu.

Kijijini Busawe nilimkuta Mama Waisiko amesimama mbele ya mpapai dume wake wa pekee, panga mkononi.

"Shikamoo, mama. Mti huu ni mzembe."

"Marahaba. Huyu ndiye mume wa hawa majike kumi. Ukimkata, wajukuu wangu watakula waraka?"

"Anayezaa ni jike, mama. Ni sayansi."

"Ala! Mimi nilimwoa Robi kwa ng'ombe wangu, ndoa ya nyumba ntobhu, wanawake wawili boma moja. Na bado mwanamume wa kutupa watoto tulimtafuta! Au wewe ulizaliwa na kamati?"

Nikampa siku saba. Akauzungushia mti mabati, akaandika CHOO. Niliporudi kukagua niliridhika sana: choo kilikidhi vigezo vyote, ila kilichanua juu.

Misimu miwili baadaye akaja mkaguzi kutoka Musoma, Bi. Rahima. Majike yetu arobaini yalikuwa yamepukutisha maua yote. Papai la kumkaribishia mgeni ilibidi tulifuate kwa Mama Waisiko.

"Tamu," alisema Bi. Rahima. "Na ofisi yako imetoa nini?"

"Nyaraka kumi na moja, mheshimiwa. Na maazimio."

"Hayo ni maua. Matunda je?"

Akaufungua waraka wangu, akasoma kifungu cha tatu kwa sauti hadi neno "kiondolewe", akasaini chini yake.

Siku hizi niko Busawe. Nachuma maua ya kile choo, nakung'uta chavua kwenye majike, mti kwa mti. Mama Waisiko amenipa cheo cha Kaimu Nyuki. Akiona matunda, atanithibitisha kazini.